Mavumbi ya Ziba

Likizo ya mwaka wa pili chuoni nilikwenda Ziba kumwokoa babu. Ndivyo nilivyowaaga wenzangu wa kikundi cha maombi, nao wakaniwekea mikono kabla sijapanda basi.

Babu alinisikiliza jioni nzima chini ya mwembe, akitafuna michembe kwa karanga. Nilianza na Mwanzo nikafika msalabani, na hakunikatisha hata mara moja. Nilipomaliza akauliza, "Sasa baba yangu, ambaye hakuyasikia haya, yuko wapi?"

Nilikuwa na miaka 21 na majibu ya kila kitu. Nikasema yuko motoni.

Babu akageuka akatazama upande wa zizi. "Amelala pale," akasema. "Ukimsema, punguza sauti."

Ningenyamaza hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini nikasimama, nikatangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba damu yake haiko tena mikononi mwangu. Asubuhi niliondoka bila kunywa chai. Babu alikuwa ananiita "mke wangu" tangu nikiwa mdogo, utani wetu wa babu na mjukuu. Siku ile aliniaga kwa jina langu la shule.

Kwenye basi nilijifariji na Mathayo sura ya 10, pale wanafunzi wanapoambiwa wakung'ute mavumbi ya miguuni wasipopokelewa. Aliyewahi kutembea Ziba mwezi wa tisa anajua mavumbi yale hayakung'utiki. Yalifika nami hadi bwenini.

Sikurudi kwa miaka mitatu. Nikaajiriwa gazetini, na siku moja nikapewa kazi ya kuandika makala kuhusu njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji. Ndipo nikakutana na Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society. Alifika Urambo mwaka 1879, akapokelewa na Mirambo, mtemi aliyekuwa ameitikisa njia ile yote. Mirambo alimruhusu akae na afanye kazi yake, akawa rafiki yake, ila dini yake hakuifuata. Southon alibaki akitibu watu. Julai 1882 alifariki, baada ya risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya kumjeruhi mkono. Mirambo naye alifariki Desemba 1884, bila kubatizwa. Mwaka 1898 misheni ile ikakabidhiwa kwa Wamoraviani.

Siwafanyi malaika watu hawa. Mirambo alikuwa na hesabu zake. Mzungu jirani alimfaa katika siasa za pwani. Lakini nilipofika kwenye sehemu ile ya kubaki, niliacha kuandika kwa muda. Mtu amekataliwa ujumbe aliouvukia bahari, na kesho yake bado anafunga vidonda vya watu wa aliyemkataa. Mimi nilikataliwa jioni moja tu, tena na mtu aliyenibeba mgongoni, nikashindwa hata kunywa chai yake.

Hapo nikakiri jambo ambalo sikuwahi kulisema kwenye maombi. Kilichoniuma si roho ya babu kupotea. Kiliniuma ule ushuhuda niliokuwa nimeshauandaa kichwani kwa ajili ya wenzangu, jinsi mzee alivyopiga magoti chini ya mwembe. Babu aliniharibia hadithi.

Nilikwenda Ziba na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Nilimkuta amekonda. Nikapiga magoti kumwamkia, kisha, kabla sijakaa, nikamwomba radhi kwa nilivyomsema baba yake nyumbani kwake. Hakujibu haraka.

"Leo umekuja na kile kitabu?"

"Kipo begini, babu."

"Bado unakiamini?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Ungekuwa umekitupa ningeshangaa, kwa kelele zile."

Tulikula ugali wa mtama na mlenda, usiku ukiwa umeshaingia. Nilinawa, nikasita, mkono ukabaki juu ya sahani. Nilikuwa nimejiambia nitasali kimoyomoyo ili nisimkwaze. Babu akaniangalia, akavua kofia yake akaiweka gotini.

"Haya, mke wangu," akasema. "Mshukuru huyo wako, ugali unapoa."