Mbwa wa Dodoma na nyumba za kuhamahama

Katika Dodoma ninayoikumbuka, ile ya miaka ya 1980, kumtafutia mtoto wa mbwa pa kuishi hakukuwa kazi ya mtu yeyote, na si kwa sababu watu walikuwa na huruma kuliko leo. Mbwa alikuwa na kazi yake. Kwenye kaya ya Kigogo yenye ng'ombe na mbuzi alitoka asubuhi na vijana kwenda machungani, usiku akalala karibu na zizi, na fisi aliposogea yeye ndiye aliyeamsha nyumba nzima. Jike alipozaa, habari ilifika mbali kabla watoto hawajafumbua macho: shemeji anataka dume, jirani wa ng'ambo ya korongo mbwa wake ameumwa na nyoka. Kila mtoto aliondoka ikijulikana ametoka kwa nani na anakwenda kwa nani, na akionekana amekonda, maneno yalimrudia aliyemtoa. Siupambi wakati huo. Chanjo zilikuwa adimu, watoto wengi wa mbwa walikufa kabla ya kumaliza mwaka, na majike hawakupendwa hata wakati ule. Lakini kwa kila mbwa palikuwa na mtu wa kuulizwa, na huyo ndiye tuliyempoteza.

Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, ila kwa miongo minne ilikua polepole. Kishindo kilikuja 2016, serikali ilipoamua kuhamia kweli. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 mjini. Ya 2022 ikawakuta 765,179. Mashamba ya mtama na uwele pembezoni mwa mji yakapimwa viwanja, nyumba zikazungushiwa kuta, na kwenye mageti yakaandikwa maneno "Mbwa Mkali". Mara nyingi mbwa huyo alianza kwa kulinda nyumba ikiwa bado inajengwa, amefungwa kamba kando ya lundo la mchanga, akila ukoko wa ugali wa mafundi. Nyumba ikiisha, fundi anakwenda kwenye kazi nyingine, anaingia mpangaji asiyetaka mbwa. Au mtumishi anapata uhamisho kwenda Mtwara: kabati na kitanda vinapanda lori, mbwa anabaki getini. Kwa hiyo mbwa hapotezi nyumba kwa sababu alizaliwa barabarani. Anaipoteza siku watu wake wanapohama, na hilo ndilo linalopaswa kuamua namna tunavyowatafutia makazi.

Utafiti uliofanywa Iringa mjini na kuchapishwa 2012 unaiunga mkono hoja hii. Waliokwenda kuhesabu waligundua kwamba mbwa wasio na mwenyewe kabisa walikuwa wachache mno. Karibu wote walikuwa wa kaya fulani, hata walioonekana wakizurura. Wapo wanaofanya kazi nzuri ya kuokoa mbwa na kuwaweka bandani, kama shirika la KSPCA la Nairobi au Mbwa wa Africa kule Usa River, na ninawaheshimu. Lakini banda hujaa upesi, na kila mbwa anayerudishwa anachukua nafasi ya anayesubiri. Kabla ya kumkabidhi mtu mtoto wa mbwa, inafaa kujua kama nyumba ni yake au amepanga, nani atamlisha akisafiri, na ukija uhamisho mbwa atabaki kwa nani. Asiye na jibu asipewe, hata kama anampenda mbwa huyo kwa dhati. Na mtoto asitolewe kabla ya wiki nane, kwani anayeachishwa ziwa mapema hudhoofika, na anayechoshwa na kumuuguza ndiye atakayemtupa.

Kwa majike hali ni mbaya zaidi. Madume huombwa, majike huachwa kwenye boksi karibu na soko au kwenye korongo, kwa sababu kila anayemtazama jike anawaona watoto watakaofuata. Hofu hiyo ina msingi, na mahubiri hayataiondoa. Itaondolewa na kumfunga kizazi, huduma ambayo gharama yake inawashinda wengi. Shilingi ya kwanza ya kusaidia mbwa mjini hapa ningeielekeza huko kabla ya matofali ya banda.

Wapo wasemao dawa ya haraka ni risasi au sumu, kama halmashauri nyingi zilivyozoea, kwa kuhofia kichaa cha mbwa. Hofu yao ni halali: dalili zikishaanza, ugonjwa huo huua karibu kila mara, na duniani takriban wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Lakini kisiwa cha Bali, ugonjwa ulipoingia mwaka 2008, kiliua mbwa kwa wingi bila kuuzuia. Ulipungua baada ya chanjo ya halaiki. Tafiti za miaka mingi kuzunguka Serengeti zimeonyesha kwamba mbwa mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, zaidi kidogo ya mbwa mmoja, ndiyo maana kuchanja asilimia 70 kunatosha kuuvunja mnyororo. Ukimuua aliyechanjwa, pengo lake linajazwa na mtoto wa mbwa asiye na kinga. Mbwa anayekaa miaka mingi kwa mtu mmoja ndiye anayepelekwa kwenye chanjo kila mwaka, kwa hiyo anayeuliza kwa nini tushughulike na mbwa wakati kuna watoto wa kuhudumia ajue kwamba huyu mbwa analinda watoto haohao.

Waislamu wengi, Kondoa na hapa mjini, wanajitenga na mbwa kwa sababu ya najisi, na msimamo huo unastahili heshima. Hata hivyo mbwa wa mifugo na wa ulinzi anaruhusiwa, na kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kinafahamika madrasa zote. Asiyetaka kumweka ndani asilazimishwe. Anachoweza kuombwa ni kutomtesa, jambo ambalo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inalidai kwa kila mtu. Kwa wanaofuga, kadi ya chanjo iandikwe jina na simu ya mwenye mbwa pamoja na za aliyemtoa, na mtumishi anayehama aikabidhi kwa anayembakizia mbwa, ofisi ya mifugo ya kata ikijua.