Utamjua kwa Vumbi: Dalili za Mchezaji Mbaya wa Sataranji

Mimi ni mwalimu wa kujitolea: asubuhi niko na darasa la nne, jioni niko na sataranji chini ya mwembe. Wengi mkipita pale mnauliza, "Mwalimu, huyu anashinda ama anashindwa?" Leo nawapa dalili, ili mkipita mjionee wenyewe.

Kwa wasioujua mchezo: ubao una miraba 64, na kila upande una kete 16, yaani mfalme, malkia, minara 2, farasi 2, maaskofu 2 na askari 8. Huyo askofu analeta maneno kidogo. Waliosoma Kiingereza humwita askofu, lakini sisi tuliosoma Kifaransa kule Congo tulimwita kichaa, maana ndilo jina lake katika lugha hiyo. Kwa hiyo chini ya mwembe wetu askofu na kichaa ni mtu mmoja. Wachungaji mtusamehe, si sisi tuliompa jina.

Sasa tuingie kwenye dalili.

Ya kwanza: ubao umekaa kombo. Mraba wa kona, upande wa mkono wa kulia wa kila mchezaji, lazima uwe mweupe. Mchezaji mbaya anauweka mweusi, halafu mfalme na malkia wanabadilishana vitanda. Hata vita havijaanza, nyumba imeshavurugika.

Ya pili: anacheza drafti. Anachapa kete mpaka ubao wetu wa katoni unaruka, na kila anachokiona anakula. Kwenye drafti, ukiona cha kula, kula ni lazima. Kwenye sataranji hulazimishwi, ila mfalme wako akiwa hatarini na njia ya kumwokoa ni hiyo moja tu. Adui anaweza kukuachia askari makusudi, kama mtego wa panya. Panya naye alidhani ni zawadi.

Ya tatu: malkia wake anazurura. Hatua ya pili tu, tayari yuko nje peke yake anatafuta ugomvi. Wanafanya hivi kwa sababu mtu aliwafundisha ule ujanja wa hatua 4: malkia na askofu wanamvamia askari aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme, kwa sababu mwanzoni askari huyo analindwa na mfalme peke yake. Kwa mgeni unafaulu. Anayejua anaziba njia, halafu anatoa farasi wake huku akimfukuza malkia huku na huku. Mwisho yeye ametoa jeshi lote, wewe umemtembeza mama wa watu juani.

Ya nne: vumbi. Sheria ni kwamba ukigusa kete yako kwa nia ya kucheza, lazima uicheze hiyo. Kama unataka kuinyoosha tu, sema kwanza. Mchezaji mbaya anagusa, anaona hatari, anarudisha mkono na kusema, "Apana, nilikuwa napangusa vumbi." Ndugu zangu, vumbi la kambi hii nalijua. Lakini haliwezekani likakaa kila siku kwenye kete ile ile inayotaka kuliwa.

Ya tano: anahesabu maiti. Amepanga kete alizokula pembeni kama mchuuzi wa nyanya, anazihesabu na kutabasamu, na mfalme wake amekwisha kunaswa, hana pa kukimbilia. Mchezo huu hauulizi umekula ngapi.

Ya sita: ana washauri. Mmoja nyuma anasema "peleka farasi," mwingine "usipeleke," na yeye anawasikiliza wote wawili.

Ya saba: akishindwa ana sababu. Jua lilimpiga machoni, njaa, kelele za watoto, kizibo cha soda kilichowekwa badala ya askari aliyepotea kilimchanganya. Yule aliyemshinda alikalia jua lile lile na njaa ile ile.

Dalili hizo saba tunazicheka, na kila mgeni anazo. Zinaisha kwa kucheza. Ya nane haichekeshi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Ya nane: hataki kucheza na anayeweza kumshinda. Juzi papa mmoja, ambaye simtaji, alicheza na msichana wa miaka 12. Alipoona mnara wake umekwenda na malkia yuko njiani kuufuata, akasema, "Weye mutoto, kwenu mulishachota maji? Enda ku bomba." Mtoto akainuka, maana mtu mzima amesema. Watu walicheka. Wiki ile tulikuwa na wasichana saba. Iliyofuata wakaja watatu.

Wazazi wangu, huku huku Uganda tulikokimbilia, kwenye mtaa wa Katwe hapo Kampala, msichana Phiona Mutesi alifika kwenye sataranji akifuata uji uliokuwa ukigawiwa kwa watoto. Wa kwanza kumwonyesha kete zinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2009 yeye na wavulana wawili walikwenda Juba kwenye mashindano ya watoto, wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 alikuwa Urusi kuiwakilisha nchi yake, na mwaka 2016 ikatoka filamu juu ya maisha yake. Sisemi kila mtoto wetu ataingia kwenye filamu. Nasema Phiona alikubali kufundishwa na mdogo wake.

Ombi langu ni dogo. Wasichana wapewe saa moja ya jioni kama kaka zao, na jerikani wabebe wote. Na sisi wakubwa tukishindwa na mtoto, tumuulize, "Nionyeshe ulifanyaje." Hapo ndipo ubaya unapoanza kupona.

Yule msichana alinifuata darasani siku ya pili yake, akauliza, "Mwalimu, muchezo wangu na papa imehesabiwa?" Nikamwambia bado haujaisha. Nimeuchora ubao ule kwenye daftari, kila kete mahali pake.

Papa, zamu ni yako. Maji tumeshachota.

Ni mimi, mwalimu wenu wa chini ya mwembe.