Njia ya Kwenda Majini

Nilizaliwa Bugendana, mkoani Gitega, Burundi, kwenye vilima ambako ndugu wawili huweza kununiana mwaka mzima kwa ajili ya mpaka wa migomba. Kiswahili nilikipata ukimbizini, kambini Kigoma. Uashi pia.

Kazi ndiyo iliyonipeleka Jambiani, Unguja. Wazungu walikuwa wakijenga nyumba za kukimbia baridi ya kwao, miezi mingine wakizipangisha kwa intaneti. Kisheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, mgeni hukodishiwa tu. Lakini kiwanja kikishazungushiwa ukuta, aliyebaki nje haoni tofauti. Ukuta niliujenga mimi, na ujira wake ulikuwa mzuri, siusemi vibaya.

Aliyenifumbua macho ni mama aliyekuwa akituuzia chakula. Alilima mwani, zao lililoanza pwani ile mwaka 1989 na kuwapa wanawake fedha ya mkononi mwao. Bahari ikipwa wakati wa bamvua, hushuka kufunga na kuvuna. Kichochoro alichozoea kilikuwa kimezibwa.

“Fundi, ukuta wako umenizungusha,” aliniambia, “na gunia la mwani mbichi unalijua uzito wake?”

Kisha kisima. Chini ya Jambiani ni jiwe la matumbawe, na ndani yake maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, tabaka jembamba. Pampu ikivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Bwawa la kuogelea, bustani, bafu za wageni, vyote huvuta hapo hapo. Chai ya yule mama ikaanza kuwa na chumvi. Wenye nyumba waliagiza boza. Yeye alibeba ndoo.

Tangu hapo sipimi msingi kabla ya kuuliza wenyeji hupita wapi. Wateja wengine walikubali kuacha njia. Mmoja alinifukuza kazi.

Sasa nimerudi Bugendana. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na wenye magari wameanza kupanda kilimani kuulizia viwanja. Kaka yangu anataka kuuza kipande cha bondeni, karibu na chemchemi. Nimemwambia auze, ana watoto wa kusomesha. Ila iandikwe mbele ya bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi, kwamba njia ya maji ni ya wote, upana wa watu wawili wenye ndoo wanaopishana, na mnunuzi asiizibe kwa ua wa minyaa.

Kaka anasema sharti hilo litashusha bei. Litashusha, ndiyo.