Stelingi Hafi

Siku moja nilichoma bunduki kumi na moja. Zote za miti ya mihogo, mikanda yake kamba za mgomba. Nilizisukumia chini ya sufuria ya uji wa darasa la awali, wenye silaha wamesimama pembeni wakinitazama kama mchawi. Kesho yake wakaja na nyingine. Mihogo haiishi huku ufukweni mwa Nyasa.

Bunduki yenyewe haikunitisha. Mimi ni wa Mbinga, milimani kwenye kahawa. Utotoni nilichanja kikonyo cha jani la mgomba nikakipiga kikalia tatata. Kilichonitisha ni sheria ya mchezo: stelingi hafi. Watoto wameitoa kibanda umiza, kule mwaloni, ambako filamu za mapigano zilizotafsiriwa na madijei huonyeshwa hadi usiku, na mtoto wa miaka mitano hupita katikati ya miguu ya kaka zake bila kuulizwa. Asubuhi nasikia sauti ya dijei ikitoka kinywani mwake, matusi yakiwemo. Na kila siku adui alikuwa yuleyule, mdogo kuliko wote, mtoto wa mvuvi wa usipa. Anauawa, anajipangusa mchanga, anauawa tena.

Kuchoma kuliposhindikana, nikaenda kuchuchumaa kando ya maiti.

“Huyu amekufa,” nikasema. “Nani anakwenda kumwambia mama yake?”

Kimya. Halafu msichana mmoja akavua kanga ya mdoli wake, akamfunika. Wengine wakaanza kuchimba kwa vifuu. Mmoja akatangaza kwamba leo hakuna kwenda ziwani. Msiba wanaujua, wamelala kwenye mikeka ya matanga tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Filamu haiwaonyeshi hayo. Mtu akianguka, kamera inaondoka na stelingi.

Stelingi wetu alibaki amesimama na bunduki yake, hana kazi. “Mwalimu,” akauliza, “mimi nikae wapi?”

Ijumaa yake nikawasimulia habari ya Liuli, bandari ya ziwani humu, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Agosti 1914, nahodha Mwingereza, Rhoades, alifika hapo na meli ya Gwendolen akaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa meli hiyo, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye. Habari za vita kuanza Ulaya zilikuwa hazijamfikia Berndt. Husimuliwa kwamba alipiga makasia hadi kwenye Gwendolen, amefura kwa hasira, akimuuliza mwenzake kama amelewa. Rhoades akamchukua mateka.

Walicheka sana hapo pa kulewa. Kisha yule mtoto wa mvuvi akauliza: “Sasa stelingi nani?”

Wakabishana hadi uji ukapoa. Mpaka leo hawajakubaliana.