Mizani na Bega

Katika biashara ya misafara iliyopitia Tabora karne ya 19, mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila. Frasila mbili, yaani karibu kilo 32, zilihesabiwa kuwa mzigo wa mtu mmoja, na Wanyamwezi wengi waliuchukua baina ya Unyanyembe na Bagamoyo. Mizani ilisema kweli juu ya mzigo. Juu ya bega haikusema neno. Uzito wa safari aliujua mwenye bega, na habari yake isingepatikana ila kwa kumwuliza.

Zama zetu zimejifunza kuuliza. Wataalamu wa afya wametunga madodoso ambamo mtu hushuhudia maisha yake mwenyewe: kama aweza kutembea, kama ana maumivu, kama moyo wake una huzuni. Hili ni jambo la heshima, maana daktari huona kidonda, lakini uchungu wake hujulikana kwa mgonjwa. Hata hivyo, kuuliza kuna adabu zake. Dodoso la SF-36, lililotungwa Marekani, huuliza kama afya inamzuia mtu kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Mama wa Tabora, alimaye tumbaku na kutwanga mahindi, atajibu nini? Tafsiri ya Kiswahili iliyojaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam ilitangazwa mwaka 1999. Maneno hufasiriwa kwa siku chache. Maisha hayafasiriki upesi hivyo.

Ugumu mwingine umo katika salamu zetu. Kwetu mtu huulizwa hali kabla ya kuulizwa haja, na jibu la kwanza huwa jema. Nilipata kumsindikiza shangazi yangu katika zahanati moja, magoti yakimwuma hata asiweze kuinuka bila kushikwa. Kijana mwenye karatasi alimwamkia, akauliza papo hapo afya yake ikoje. “Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu,” alijibu. Kijana akatia alama penye afya njema, akapita. Shangazi hakusema uongo. Aliitikia salamu, akangojea swali. Na swali halikuja.

Ipo na ngazi, ambayo Hadley Cantril wa Marekani aliieleza kitabuni mwaka 1965. Mtu huwaza ngazi yenye vipago tangu 0 hadi 10, maisha bora kabisa yakiwa juu, akaonyesha aliposimama. Kwa ngazi hiyo, ripoti ya furaha duniani ya mwaka 2017 iliiweka Tanzania ya 153 kati ya nchi 155, nyuma ya Syria iliyokuwa vitani. Wapo waliocheka, wakasema sisi ni watu wa furaha. Mimi sikucheka. Ngazi haikuuliza kama twacheka. Iliuliza umbali uliopo baina ya maisha tuliyo nayo na yale tunayoyajua kuwa bora. Mtu aweza kumshukuru Mungu kwa kipago cha tatu, na huku akijua kuwa kipo cha saba.

Basi sitaki madodoso yatupwe. Kwa majibu yake hupimwa faida ya tiba, na asiyesikika humo hupunjwa. Nataka muulizaji akae, aiache salamu iishe, ndipo aulize habari za goti, usingizi na njia ya kisimani. Akiandika tarakimu, aandike na sababu yake kando. Mwenye bega hunena polepole.