Mwenye Kichwa na Mwenye Mikono

Katika ligi ya NFL ya Marekani, aliyeshika mkia ndiye anayepakua kwanza. Kila Aprili timu 32 huchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, na iliyofanya vibaya kuliko zote hupewa nafasi ya kwanza. Shughuli hiyo inaitwa drafti. Kwangu mimi niliyekulia Musoma, drafti ni mchezo wa vizibo vya soda juu ya ubao. Nilipohamia Chicago ilinichukua muda kuelewa kwa nini watu wazima wanagombana miezi mitatu kwa sababu ya vijana ambao hawajagusa mpira wa ligi hata mara moja.

Mwanzoni mwa 2024 ugomvi huo ulikuwa wetu. Chicago Bears haikuwa ya mwisho, lakini mwaka uliotangulia ilikuwa imefanya biashara na Carolina Panthers, na sehemu ya malipo ilikuwa nafasi ya Carolina katika drafti iliyofuata. Carolina ikamaliza msimu kwa ushindi 2 na vipigo 15. Nafasi ya kwanza ikaangukia mikononi mwetu.

Kila mtu alijua nafasi hiyo ni ya kwotabeki. Huyu ndiye anayepokea mpira shambulizi linapoanza, akawa na sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani kabla hajakandamizwa na majitu ya kilo mia na ishirini. Chicago haijawahi kuwa na kwotabeki aliyefikisha yadi 4,000 za pasi katika msimu mmoja. Ubingwa wake wa mwisho ni wa msimu wa 1985. Mwaka 2017 ililipa ili isogee hadi nafasi ya pili, ikamchukua Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes akabaki mpaka nafasi ya 10, Kansas City wakamwokota, na kufikia Februari 2024 alikuwa amewaletea ubingwa mara tatu. Hapa Chicago jina la Mahomes hutajwa kama jina la mchumba uliyemkataa, akaja kuolewa nyumba ya pili na kufanikiwa mbele ya macho yako.

Kijiwe chetu kilikuwa chumba cha kulia chakula katika ghala ninalofanyia kazi. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, dereva wa foklifti, ndiye aliyekuwa mwenyekiti bila kuchaguliwa. Yeye alisimama na Justin Fields, kwotabeki tuliyekuwa naye tayari tangu 2021, ambaye mwaka 2022 alikimbia na mpira yadi 1,143. Siku ya mwisho ya 2023, theluji ikianguka uwanjani Soldier Field, mashabiki waliimba kwamba wanamtaka Fields. Mzee alitaka timu ibaki naye, nafasi ya kwanza iuzwe, na fedha ziende kwa watu wa kumlinda.

Vijana walimtaka Caleb Williams wa USC, mshindi wa tuzo ya Heisman ya 2022. Hoja yao ilikuwa pia ya mfuko: mchezaji wa drafti analipwa kwa mkataba nafuu miaka minne, na nafuu hiyo inanunua wenzake. Mmoja alimpigia debe Jayden Daniels wa LSU, Heisman ya 2023. Akajibiwa kwamba ni mwembamba, atavunjika. Mwingine alimtaja Drake Maye wa North Carolina, mrefu, mwenye mkono wa kutupa mbali. Na Williams mwenyewe aliandamwa. Anapaka rangi kucha. Novemba 2023, baada ya kufungwa na Washington, alipanda jukwaani akalia mikononi mwa mama yake. Mwanamume wa kuongoza wanaume, wakasema, halii kwa mama.

“Mimi namtaka anayelia akifungwa,” Mzee alisema, ingawa hakuwa upande wa Williams. “Nimeona wengi wanaocheka.”

Siku moja kijana mmoja alisema Fields ana miguu, Williams ana kichwa. Mzee aliweka kijiko chini. Alituambia habari za Warren Moon, ambaye mwaka 1978 hakuchaguliwa na timu yoyote. Wakati ule, alisema, kwotabeki mweusi aliambiwa ana mbio, akahamishiwa nafasi nyingine, kwa sababu kichwa kilidhaniwa ni cha wengine. Moon akaenda Kanada, akacheza huko miaka sita, akarudi kuichezea Houston mwaka 1984, na 2006 akaingizwa katika jumba la magwiji. “Kwa hiyo ukiniambia huyu ana miguu,” Mzee alisema, “niambie kwanza nani alimpima kichwa.”

Sikuchangia kitu mchana ule. Maneno yale niliwahi kuyasikia kwa Kiswahili.

Mimi na kaka yangu tulimaliza darasa la saba mwaka mmoja, kwa kuwa yeye alichelewa kuanza shule. Wote tulifaulu. Fedha za ada, sare, godoro na sanduku zilikuwa za mtoto mmoja. Siku hizo elimu ya sekondari haikuwa bila ada. Hilo lilikuja 2016, sisi tukiwa na ndevu. Baba, baba mdogo na mwalimu mmoja walikaa nje, kikao kikaisha kabla ya chai kupoa. Mwalimu alisema: huyu ana kichwa, yule ana mikono. Mwenye kichwa nilikuwa mimi. Tofauti yetu ya alama ilikuwa ndogo. Lakini mwaka ule kaka alikuwa ametengeneza redio ya jirani na kufuma wavu wake mwenyewe, na ustadi huo ndio uliomponza.

Wiki iliyofuata alianza kwenda ziwani usiku kuvua dagaa kwa karabai.

Machi 2024 nilimpigia simu. Yeye ni Yanga wa damu, na hupenda nimweleze vituko vya mpira wa huku. Nilimweleza drafti yote: Williams, kucha, machozi, na kwamba Fields ameshauzwa.

“Ameuzwa wapi?”

“Pittsburgh.”

“Kwa kiasi gani?”

Nikamwambia kwamba si kwa fedha. Chicago walipewa nafasi ya raundi ya sita katika drafti ya mwaka unaofuata, ambayo ingepanda kidogo tu kama angecheza sana.

Kaka alikaa kimya, nikasikia mawimbi nyuma yake. “Mdogo wangu,” akasema, “mtu akishapata mwingine, hata bei ya yule wa kwanza hashindani nayo.” Kisha akauliza hali ya watoto wangu.

Usiku wa tarehe 25 Aprili, kule Detroit, Chicago walimchukua Williams. Washington wakamchukua Daniels, New England wakamchukua Maye. Makwotabeki sita waliondoka katika nafasi 12 za mwanzo. Ghalani tulidhani mjadala umekwisha, kumbe ulibadilisha nguo tu. Tarehe 27 Oktoba Chicago walikuwa wanaongoza Washington, muda ukiisha, Daniels yule mwembamba akatupa mpira juu kama anayerusha jiwe kwenye mwembe. Ukaguswa na kundi la mikono, ukamdondokea Noah Brown. Tukafungwa 18 kwa 15. Jumatatu yake kila mtu alikuwa amemtaka Daniels tangu mwanzo.

Mzee hakuwacheka. Alihesabu kitu kingine. Msimu ule Williams aliangushwa na mpira mkononi mara 68. “Mnauliza nani alistahili kuchaguliwa,” alisema. “Ulizeni nani alisimama mbele yake.” Machi 2025 timu nayo ikaonekana kuuliza hivyo: ilileta walinzi watatu kwa mpigo, Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman.

Nikahesabu na mimi. Kidato cha kwanza na cha pili nililipiwa na ng'ombe wa baba. Cha tatu na cha nne nililipiwa na dagaa. Viatu nilivyovaa kwenye mtihani wa mwisho vilinunuliwa na mtu aliyekuwa pekupeku ndani ya mtumbwi. Nyumbani husimuliwa kwamba baba alichagua vizuri, na mimi ndiye ushahidi. Hakuna anayeuliza ushahidi ule ulilishwa na nani.

Mwaka 2025 kaka alinipigia. Binti yake anataka chuo cha uuguzi. Mdogo wake wa kiume anataka ufundi wa magari. “Mimi nitajikaza, lakini wote wawili sitawaweza,” alisema. “Wewe umesoma. Niambie nimtangulize yupi.”

Maswali ya kijiweni yakanijia yote: nani ana kichwa, nani ana moyo, nani atafika. Badala yake nilimuuliza kila mmoja anahitaji nini kwa mwezi. Alishangaa. Akaniomba nisubiri, nikamsikia akiwaita, na wao wakibishana. Binti: ada, sare, chumba karibu na chuo. Kijana: ada, nauli, sanduku la spana. Nikaandika nyuma ya ratiba ya kazi, nikajumlisha mara mbili. Jumla ilizidi ninachopata, lakini si kwa mbali.

Tangu Septemba ile ninafanya shifti ya Jumapili, ambayo wenzangu huikimbia kwa sababu ya mechi. Matokeo ninaambiwa na Mzee siku ya Jumatatu. Huanza kwa kunieleza Williams ameangushwa mara ngapi. Magoli huyafikia baadaye.