Injini Ikilemewa Karibu na Mkanda

Zamani ukisafiri kwa mashua kati ya Faza na Lamu, msomaji, ulipaswa kuuliza kwanza maji yanapwa saa ngapi. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, ulikuwa na kina kidogo mno maji yakitoka.

Siku yetu, mama mmoja alikuwa akimpeleka mwanawe mwenye homa hospitali ya Lamu. Mara injini ya dizeli ikapungua mwendo, moshi mweusi ukatanda. Upepo nao haukuwapo, tanga likalala.

Nahodha hakugusa spana. Injini inayokosa mafuta, alitueleza, haitoi moshi mweusi. Chujio likiziba huzimika-zimika tu. Akatoa gia, akaongeza mafuta: ikanguruma vizuri. Basi shida i chini ya maji.

“Zima. Mwanangu, zamia.”

Kijana akaingia na kisu. Sisi tuliyatazama maji yakishuka kwenye mizizi ya mikoko, na mama hakusema neno. Kijana akaibuka na kipande cha wavu wa nailoni kilichojizonga kwenye rafadha.

Tulipita Mkanda upondo ukigusa tope.